Bakshishi Ikitozwa Kodi, Nani Hulipa?



Tangu katikati ya mwaka 2025 tumekuwa tukiulizwa swali moja katika kila tawi tunalotembelea, kuanzia Kampala na Jinja mpaka Mbarara. Wahudumu wamesikia redioni kwamba Marekani imefuta kodi ya bakshishi, nao wanatuuliza: na sisi je, chama kitadai lini jambo hilo hapa Uganda? Wengine wanataka liwe dai la kwanza katika mkataba ujao. Na katika hoteli moja, ambayo hatuitaji, meneja mwenyewe ndiye aliyelileta mezani. Alisema yuko tayari kufuatana nasi mpaka kwa wakubwa wa Serikali, mwajiri na mwajiriwa bega kwa bega, tukadai bakshishi isiguswe.

Tajiri akikuunga mkono upesi namna hiyo, yafaa ukae chini uhesabu. Basi sisi tumekaa tukahesabu, na leo twawaletea hesabu zenyewe.

Kwanza lazima tujue mhudumu wa Marekani analipwaje, kwani bila kujua hilo habari ya kodi haina maana. Sheria ya nchi nzima kule inasema kima cha chini ni dola 7 na senti 25 kwa saa, na kima hicho hakijapanda tangu mwaka 2009. Lakini kwa mfanyakazi apokeaye bakshishi, sheria hiyo hiyo inamruhusu tajiri atoe mfukoni mwake dola 2 na senti 13 tu kwa saa. Kiwango hicho kimesimama mahali pamoja tangu mwaka 1991. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, na senti 13 zingali senti 13. Zile dola 5 na senti 12 zinazobaki huhesabiwa kwamba mhudumu amekwisha kuzipata kwa wateja. Ikiwa bakshishi hazikufika hapo, tajiri anapaswa kisheria kujazia. Kama kweli hujazia, waulizeni wanaofanya kazi huko.

Si majimbo yote yanayofuata kiwango hicho. Mengi yameweka chao cha juu kidogo, na majimbo 7 yamekataa kabisa mtindo huo: Alaska, California, Minnesota, Montana, Nevada, Oregon na Washington. Huko mhudumu hulipwa kima kamili kama mfanyakazi mwingine yeyote, na bakshishi huwa juu yake. Tafadhali likumbukeni jimbo la Nevada, tutalirudia.

Mtindo huu wa kumwachia mgeni amlipe mfanyakazi ni wa zamani. Baada ya utumwa kukomeshwa kule, kampuni ya Pullman iliyokuwa na mabehewa ya kulala iliwaajiri watu weusi kuwahudumia abiria, ikawapa mshahara mdogo mno hata ikawabidi kuishi kwa kutabasamu. Mwaka 1925 watu hao waliunda chama chao, wakiongozwa na Ndugu A. Philip Randolph, na moja ya manung'uniko yao makubwa ilikuwa ni hiyo bakshishi iliyoshika mahali pa mshahara. Walipigana miaka 12 mpaka kampuni ikatia sahihi mkataba mwaka 1937. Wenzao wa mikahawa walichelewa. Sheria ya kima cha chini ilitungwa mwaka 1938, lakini wengi wao hawakuingizwa mpaka mwaka 1966, na walipoingizwa matajiri walipewa kifuta machozi: nusu ya kima hicho iweze kulipwa na bakshishi. Mwaka 1996 hata ile nusu ikaachwa, kima cha wengine kikapanda na cha wahudumu kikaachwa pale pale kwenye dola 2 na senti 13.

Sasa tuje kwenye kodi.

Kwa sheria ya Marekani bakshishi ni pato, na pato lina kodi. Mhudumu aliyepata bakshishi za dola 20 au zaidi katika mwezi mmoja anapaswa kumwandikia tajiri wake hesabu yake kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Tajiri naye hukata kodi. Ataikata wapi, na bakshishi ziko mfukoni mwa mhudumu? Huikata katika ule mshahara wa dola 2 na senti 13. Kodi ya mapato, na makato ya malipo ya uzeeni na ya matibabu ya wazee, yote hutoka pale. Ndiyo maana wahudumu wengi wa kule hupokea karatasi ya mshahara iliyoandikwa sifuri, au senti chache tu. Mtu amefanya kazi juma zima, amebeba trei mpaka kiwiko kikauma, na tajiri wake hana hata shilingi ya kumpa mkononi. Amelishwa na wageni, na ile senti ya tajiri imekwenda Serikalini kulipia chakula hicho.

Kwa upande wa tajiri, tuseme haki. Makato ya uzeeni na matibabu ni asilimia 7.65 kwa mfanyakazi, na tajiri naye hulipa asilimia 7.65 nyingine juu yake. Tangu mwaka 1988 analazimika kuilipa kwa bakshishi zote zilizoandikwa. Kwa hiyo mhudumu akiandika kwamba amepata dola 100 kwa wageni, tajiri anadaiwa dola 7 na senti 65 kwa pesa ambazo hazikupita mkononi mwake. Mhudumu mkweli humtia tajiri gharama. Mhudumu afichaye humpa tajiri nafuu, na yeye mwenyewe hupata nafuu ya leo. Hapo ndipo wawili hawa waliposhirikiana kwa miaka mingi kunyamaza.

Serikali ya kule si kipofu. Mwaka 1982 ilitunga sheria kwamba mikahawa mikubwa, ikiwa bakshishi zilizoandikwa hazikufika asilimia 8 ya mauzo, tajiri aandike tofauti hiyo kwa majina ya wahudumu wake. Baadaye watoza kodi waliuendea mkahawa mmoja wa San Francisco uitwao Fior d'Italia, wakachukua bakshishi zilizoandikwa kwenye stakabadhi za kadi za benki, wakapiga makisio kwamba na wale waliolipa taslimu walitoa kadiri hiyo hiyo, wakamdai tajiri makato ya tofauti yote. Tajiri alikataa, akasema hawezi kulipishwa kwa makisio. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 2002 tajiri akashindwa. Huko Las Vegas, kwenye makasino, watoza kodi walifanya mapatano na waajiri yaliyoweka kiwango cha bakshishi kwa saa, kwa kila kazi na kila zamu. Mfanyakazi aliyekubali mpango huo hukatwa kwa kiwango kile kile, usiku wageni wakijaa au wakikosekana.

Lakini matajiri nao hawakulala. Walikwenda kwa wabunge wao, na mwaka 1993 wakapata nafuu yao: ile asilimia 7.65 ambayo tajiri wa mkahawa ameilipa kwa bakshishi zilizozidi kile kiasi cha kujazia kima cha chini, hurudishiwa kwa kupunguziwa kodi ya faida yake. Someni tena jambo hili polepole, ndugu zetu, kwani ndilo lenye siri yote. Tajiri akimwongezea mhudumu mshahara wa dola 100, atalipa dola 7 na senti 65 na hazirudi. Mgeni akimpa mhudumu bakshishi ya dola 100, tajiri atalipa dola 7 na senti 65, na mwisho wa mwaka, ikiwa ana faida ya kutozwa kodi, humrudia. Sasa niambieni, tajiri mwenye akili timamu atapenda nini: kuongeza mshahara au kuwafundisha wahudumu kutabasamu zaidi?

Tangu mwaka 1993, basi, tajiri amekuwa na nafuu yake na mhudumu hana. Mwezi wa Juni 2024 Donald Trump, akitafuta kura katika Nevada, aliahidi kufuta kodi ya bakshishi. Mwezi wa Agosti mshindani wake Kamala Harris naye akaahidi hivyo hivyo akiwa Las Vegas. Watu wawili wasiopatana kwa jambo lolote walipatana kwa hilo, kwani Nevada ni jimbo la wahudumu na kura zake zilikuwa zinagombewa. Tarehe 4 Julai 2025 sheria ikatiwa sahihi.

Redio zilisema kodi imefutwa. Haikufutwa. Yaliyomo katika sheria ni haya: kuanzia mwaka 2025 hadi mwaka 2028 mfanyakazi aweza kutoa bakshishi zake, mpaka dola 25,000 kwa mwaka, katika hesabu ya kodi ya mapato ya Serikali kuu. Mwenye pato la zaidi ya dola 150,000 hupunguziwa nafuu hiyo. Ile asilimia 7.65 ya uzeeni na matibabu ipo vile vile. Bakshishi lazima ziandikwe vile vile. Asiye na namba ya kazi iliyokubaliwa hapati kitu, na kila mtu ajuaye jikoni za Marekani anajua wahamiaji wangapi wamo humo. Na jambo moja zaidi, ambalo kwetu ni kubwa: ni bakshishi ya hiari tu inayohesabiwa. Ile pesa ya huduma iliyoandikwa kwenye bili kwa lazima haimo.

Tupige hesabu ya watu watatu. Tuseme wote hawajaoa wala kuolewa, hawana watoto, na ni mwaka 2025, ambao mtu wa namna hiyo hatozwi kodi ya mapato kwa dola 15,750 za kwanza.

Wa kwanza ni dada anayehudumu katika mkahawa mdogo wa mji mdogo. Anafanya saa 35 kwa juma, majuma 50. Kwa dola 2 na senti 13 mshahara wake wa mwaka ni dola 3,727 na senti 50. Bakshishi zake ni dola 10,000. Jumla ni dola 13,727 na senti 50. Hajafika 15,750. Kabla ya sheria mpya alikuwa halipi kodi ya mapato hata senti moja, na baada ya sheria mpya halipi hata senti moja. Amepata nini? Hakupata kitu. Lakini makato ya uzeeni na matibabu, yapata dola 1,050 kwa mwaka, anayalipa kama jana.

Wa pili anafanya saa zile zile kwa mshahara ule ule, ila katika mkahawa wa matajiri, chupa moja ya mvinyo huko bei yake ni ya ng'ombe. Bakshishi zake ni dola 40,000. Huyu zamani alilipa kodi ya mapato yapata dola 3,118. Kwa sheria mpya atalipa kama dola 298. Ameokoa zaidi ya dola 2,800, na hatumwonei kijicho, ni jasho lake.

Wa tatu ni mpishi wa mkahawa huo huo. Anasimama motoni, hakuna mgeni amwonaye, hagawiwi bakshishi. Tuseme mshahara wake unalingana na pato lote la yule wa pili, dola 43,727 na nusu. Yeye atalipa zile dola 3,118 zote. Chakula ni kimoja, paa ni moja, pato ni moja, na kodi ya mmoja ni mara kumi ya kodi ya mwenzake. Hebu fikirini ni maneno gani yatasemwa kati ya jiko na meza mwisho wa mwaka. Tumeongoza migomo, twajua jinsi ilivyo vigumu kuwatoa wapishi na wahudumu nje ya lango siku moja. Sheria ya namna hii huwatenganisha bila tajiri kunyanyua kidole.

Watu wa mfano wa yule dada wa kwanza si wachache. Wachumi wa chuo kikuu cha Yale walihesabu kwamba mwaka 2022 zaidi ya theluthi ya wafanyakazi wanaopokea bakshishi walikuwa na pato dogo hata hawakudaiwa kodi ya mapato. Nafuu ya kodi humfaa mwenye kodi. Aliye maskini kupita kiasi cha kutozwa, umwondolee nini?

Na tajiri je, kapata nini? Kapata hoja. Mhudumu akija kudai mshahara, ataambiwa: Serikali imekwisha kukuongezea, bakshishi yako haina kodi, mimi sina haja ya kuongeza. Tazameni mji mkuu wao Washington. Mwaka 2022 wapiga kura wa mji huo walipitisha kwamba mshahara mdogo wa wahudumu uwe unapandishwa kila mwaka mpaka ulingane na kima kamili. Julai 2025, mwezi ule ule wa sheria ya kodi, baraza la mji likaupunguza uamuzi huo, ili mhudumu asifike tena kwenye kima kamili kwa mshahara pekee. Wenye mikahawa walilia kwamba watafunga milango. Hatusemi jambo moja lilizaa la pili. Twasema yaliyotukia mwezi mmoja yawekwe pamoja yatazamwe: mkono mmoja ulitoa nafuu ya kodi kwa pesa za mgeni, mkono mwingine ukazuia mshahara wa tajiri.

Tena ile habari ya pesa ya huduma ya lazima. Katika mahoteli yenye chama, wafanyakazi wa karamu na mikutano mara nyingi wamepigania na kupata sehemu yao ya pesa hiyo kwa mkataba ulioandikwa. Haitegemei mgeni amependa sura yako au rangi yako. Lakini kwa sheria mpya pesa hiyo hutozwa kodi yote, hali bakshishi ya hiari imepewa nafuu. Kilichopatikana kwa mkataba kinatozwa, kilichotoka kwa huruma ya mgeni kinaachwa. Tajiri anayetaka kuukwepa mkataba amepewa njia: atawaambia wafanyakazi, tufute pesa ya huduma, tuwaachie wageni, mtaokoa kodi.

Hapa turudi Nevada kama tulivyoahidi, maana hatutaki mtu aseme sisi ni wapinzani wa kila kitu. Chama cha wafanyakazi wa mahoteli cha Las Vegas kiitwacho Culinary 226 kimepigana miaka mingi na watoza kodi juu ya makisio ya bakshishi, na kilitaka nafuu. Twawaelewa. Lakini wao wanasimama juu ya nini? Katika jimbo lao hakuna mshahara wa dola 2 na senti 13. Wana kima kamili, wana mikataba, wana bima ya matibabu, wana malipo ya uzeeni waliyoyapata kwa migomo. Kwao bakshishi ni nyongeza kweli, na nafuu ya kodi ni nafuu kweli. Na hata hivyo chama hicho kilisema nafuu ya kodi peke yake haitoshi, ni lazima ule mshahara mdogo wa wahudumu ufutwe katika nchi nzima. Waliojenga nyumba wanaweza kuzungumza juu ya rangi ya mlango.

Sisi hapa tumejenga nini? Kima cha chini cha Uganda cha mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Siku hizi hiyo haitoshi hata kumpeleka mhudumu kazini na kumrudisha nyumbani siku mbili. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka utaratibu mpya wa kima, Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo mhudumu wetu hana hata ile dola 7 ya karatasi ya kujaziwa. Tumekutana na mabinti katika baa za barabarani wasio na mshahara wowote. Mwenye baa huwaambia, utakula kwa wateja. Kumwambia binti huyo kwamba tutakwenda kudai bakshishi yake isitozwe kodi ni kumcheka. Hakuna aliyemtoza, wala hakuna aliyemlipa.

Hata katika hoteli kubwa, kinachopotea si kodi ya bakshishi. Ni bakshishi yenyewe. Mgeni wa siku hizi hana sarafu mfukoni, analipa kwa kadi au kwa simu, na bakshishi yake huingia pamoja na bei ya chakula katika akaunti ya hoteli. Mhudumu humwona mgeni akiandika pesa, halafu haoni kitu. Na kuna bili zenye mstari wa pesa ya huduma. Mgeni akiisoma huamini amekwisha kumlipa mhudumu, hivyo hatoi tena. Tumeuliza katika hoteli zaidi ya moja pesa hiyo huenda wapi. Mahali pamoja tuliambiwa hununua sahani zinapovunjika. Mahali pengine tuliambiwa ni siri ya hesabu.

Tena kuna uzee. Kwa sheria ya NSSF tajiri huweka asilimia 10 ya mshahara na mfanyakazi asilimia 5. Asilimia 15 ya mshahara mdogo ni kidogo. Mhudumu ambaye kwa miaka 20 amelea watoto kwa bakshishi, siku akifungua kitabu chake cha akiba atakuta kimeandikwa mshahara peke yake, kana kwamba zile pesa nyingine hazikupata kuwapo. Likizo yake ni hivyo hivyo. Malipo ya uzazi ni hivyo hivyo. Dada akijifungua, hoteli humlipa mshahara mtupu, na mshahara mtupu hauwezi kulipa kodi ya nyumba. Wamarekani, pamoja na ubaya wote tuliousema, katika jambo hili moja wametuzidi: bakshishi iliyoandikwa kule huhesabiwa katika malipo ya uzeeni ya mfanyakazi. Aliyeficha ndiye aliyejinyima.

Kwa hiyo twawajibu wale waliotuuliza. Kufutwa kwa kodi ya bakshishi hatutakuweka juu ya orodha ya madai. Hatusemi lisizungumzwe kamwe. Siku mshahara wa msingi utakaposimama, tutalizungumza na yule meneja atuunge mkono tena. Kwa mkataba ujao tunalotaka ni kwamba pesa ya huduma na bakshishi za kadi na za simu ziandikwe katika kitabu ambacho mwakilishi wa wafanyakazi ana haki ya kukifungua. Zigawanywe zote, jikoni na waosha vyombo wakiwamo, kwa mafungu tutakayopatana sisi wenyewe. Na zikipita katika orodha ya mishahara, zihesabiwe katika akiba ya NSSF, likizo na uzazi. Na mshahara wa msingi uandikwe peke yake, bakshishi isitajwe karibu yake.

Haya si ndoto. Uingereza ilitunga sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2024, inayomkataza tajiri kubaki na bakshishi au pesa ya huduma. Lazima aigawe yote kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, awe na utaratibu ulioandikwa, na atunze hesabu miaka mitatu. Kodi iko pale pale, nayo mikahawa ingali wazi.

Wapo wanachama walioogopa. Katika mkutano mmoja mzee mmoja wa kaunta alisimama akasema: mkiziandika pesa zetu kitabuni mnamwita mtoza kodi mezani. Alipigiwa makofi, na hofu yake twaielewa. Jibu letu kwake ni kwamba pesa ya huduma iliyo kwenye bili imekwisha kuandikwa tayari, na mtoza kodi akitaka anaiona leo hii katika vitabu vya hoteli. Asiyeiona ni sisi. Ama noti ambayo mgeni amekutia mkononi ukimfungulia mlango wa gari, hiyo hatukuigusa katika madai haya. Kodi ni wajibu wa raia na hatumfundishi mtu kuikwepa. Ila ikija siku Serikali ikasema bakshishi ni mshahara kwa ajili ya kodi, sisi tutakuwa pale kusema ni mshahara pia mtu akiugua, akizaa na akizeeka.

Wawakilishi wa matawi waanze sasa. Kila mmoja akusanye nakala za bili zenye mstari wa pesa ya huduma, za miezi mitatu iliyopita, na aandike katika daftari siku, namba ya bili, kiasi kilichoandikwa, na kiasi kilichomfikia mfanyakazi. Wapishi na waosha vyombo washirikishwe tangu siku ya kwanza. Karatasi ya mshahara ya mtu isichukuliwe bila ruhusa yake. Madaftari yaletwe ofisini kabla ya kikao cha mazungumzo, na tawi lisilo na mwakilishi litume mtu wawili, mmoja wa mezani na mmoja wa jikoni.